Picha ya Ubongo si Hakimu

Lugha yetu ina neno la kumtweza mtu asiyetulia: humwita kigeugeu. Neno hili lawafaa watu wabadilishao ahadi kwa manufaa yao, na marafiki watukimbiao siku ya dhiki. Lakini mara nyingi humwangukia mtu asiyestahili hata herufi yake moja. Mtu huyo leo hana usingizi wala hautaki. Maneno yamtoka kama maji ya mfereji, fikira zafukuzana kichwani mwake, agawa mali yake, aanza kazi kumi kwa siku moja wala hamalizi hata moja. Baada ya wiki au miezi, mtu yule yule hulala akiutazama ukuta. Chakula hakina ladha, na uhai waonekana kwake kuwa mzigo usiobebeka. Hakugeuka kwa kupenda kwake. Amegeuzwa na maradhi.

Maradhi hayo huitwa bipola, maana yake maradhi ya ncha mbili: ncha ya msisimko mkuu, ambao matabibu huuita mania, na ncha ya huzuni kuu, iitwayo sonona. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2019 watu milioni 40 ulimwenguni waliishi nayo. Kwa wengi huanza katika ujana, baina ya miaka ya mwisho ya shule na miaka ya kwanza ya kujitegemea. Basi habari hii si habari ya wageni wa mbali. Ni habari ya madawati mnayoyakalia.

Katika zama zetu umezuka usemi upendezao masikio: "Apigwe picha ya ubongo, ukweli utajulikana." Wapo wasemao hivyo kwa shaka, kwa kuwa hawasadiki maradhi wasiyoyaona kwa macho. Wapo pia wasemao hivyo kwa wema, kwa kuwa wadhani kwamba siku picha ya ubongo wa mgonjwa itakapotandazwa hadharani, dharau itakoma na aibu itakimbia. Makundi haya mawili hayapendani, lakini yamekutana katika kosa moja: yameifanya mashine kuwa hakimu wa mateso ya mtu. Mimi nayapinga yote mawili. Nasema kwamba picha ya ubongo ni chombo cha kuulizia maswali, si kiti cha kutolea hukumu. Na kwamba haki ya mgonjwa kuaminiwa, kutunzwa na kuheshimiwa haitoki katika picha, wala haipaswi kuingoja picha.

Sisemi haya kwa kuidharau sayansi. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na mashine hizi ziliundwa na watu waliofanya kazi ya kustahili sifa. Mwaka wa 1971, katika hospitali moja ya London, ubongo wa mgonjwa ulionekana kwa mara ya kwanza kwa eksirei iliyounganishwa na kompyuta. Mwaka wa 1973 Mmarekani Paul Lauterbur alionyesha njia ya kutengeneza picha kwa nguvu ya sumaku, na Mwingereza Peter Mansfield akaiendeleza njia hiyo. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka wa 2003. Mashine hiyo ya sumaku ndiyo tuijuayo leo kwa jina la MRI. Mwaka wa 1990 Mjapani Seiji Ogawa na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi Marekani, walionyesha kwamba sumaku hiyo yaweza pia kufuata oksijeni iliyomo katika damu ya ubongo. Tangu hapo wataalamu wameweza kuuchungulia ubongo wa mtu aliye hai, aliye macho, bila ya kumkata wala kumtia jeraha.

Lakini yafaa kila mwanafunzi ajue mashine ile yaona nini. Seli za ubongo zifanyapo kazi, damu yenye oksijeni nyingi huletwa mahali pale, na damu hiyo hufika sekunde chache baada ya kazi kuanza. Mashine haioni fikira, haioni furaha, haioni huzuni. Yaona nyayo za damu. Hata zile rangi nyekundu na za manjano zing'aazo katika picha si rangi za ubongo. Zimepakwa na kompyuta ili kuonyesha matokeo ya hesabu. Na hesabu ikikosewa, picha hudanganya kwa uso mkavu. Mwaka wa 2009 watafiti wa Marekani walimtia katika mashine samaki mfu aina ya samoni, wakamwonyesha picha za watu, kisha "wakamwuliza" watu wale wana hisia gani. Hesabu zilipofanywa kwa uzembe, sehemu ndogo ya ubongo wa maiti yule ilionekana kana kwamba yafanya kazi. Zilipofanywa kwa uangalifu, alama ile ilitoweka. Watafiti hao hawakuwa wakifanya mzaha mtupu. Waliwaonya wenzao kwamba apimaye maelfu kwa maelfu ya vijisehemu hakosi kuona jambo mahali pasipo na jambo.

Je, mashine hii imetufundisha nini juu ya bipola? Imetufundisha mambo ya maana. Katika uchunguzi mwingi, wagonjwa waonyeshwapo nyuso zenye hofu au furaha, sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo hushiriki katika kuamsha hisia, na sehemu za mbele za ubongo, ambazo husaidia kuzituliza, hazifanyi kazi pamoja kama zifanyavyo kwa watu wazima wa afya. Aidha, jumuiya ya watafiti wa nchi nyingi iitwayo ENIGMA ilikusanya picha nyingi kuliko ambazo chuo kimoja kingaliweza kuzipata. Mwaka wa 2016 ilitangaza matokeo ya wagonjwa 1,710 na watu 2,594 wasio na maradhi: kwa wastani, sehemu iitwayo hipokampasi ilikuwa ndogo kidogo kwa wagonjwa, na mashimo ya maji yaliyomo ndani ya ubongo yalikuwa makubwa kidogo. Mwaka wa 2018 ilitangaza matokeo ya wagonjwa 2,447 na watu wengine 4,056: kwa wastani, gamba la nje la ubongo lilikuwa jembamba kidogo kwa wagonjwa katika sehemu kadhaa.

Msomaji wangu, yashike maneno haya mawili: "kwa wastani" na "kidogo". Ndani yake imo siri yote ya ubishi huu.

Chukua shule mbili. Umewapima wanafunzi wote urefu, ukaona kwamba wastani wa shule ya kwanza umezidi wastani wa shule ya pili kwa sentimita moja na nusu. Habari hiyo ni ya kweli, na labda yaweza kukufunza jambo juu ya chakula cha shule hizo. Lakini akitokea mwanafunzi mmoja njiani, je, waweza kumpima urefu kisha ukaapa kwamba atoka shule fulani? Ukifanya hivyo utakuwa mpiga ramli, si mwana wa sayansi. Hali ya hipokampasi ni hiyo hiyo. Kwa tofauti iliyoonekana mwaka wa 2016, ukiletewa mgonjwa mmoja na mtu mzima wa afya mmoja, kisha ukatakiwa umtambue mgonjwa kwa ukubwa wa hipokampasi peke yake, utapatia mara 56 hivi katika kila mara 100. Ukirusha sarafu juu utapatia mara 50. Ni nani awezaye kumpa mtu jina la ugonjwa, au kumnyima, kwa faida ndogo kama hiyo?

Watajibu wapenda mashine kwamba kompyuta za leo hazitazami sehemu moja. Zatazama ubongo wote kwa pamoja. Ni kweli, na jambo hilo limejaribiwa. Jumuiya ile ile iliifundisha kompyuta kwa picha za watu 3,020 kutoka vituo 13, na matokeo yakatangazwa mwaka wa 2018. Kompyuta ilipatia kwa asilimia 65 hivi. Asilimia 65 katika mtihani wa shule huenda ikamfurahisha mzazi. Katika kumtambua mgonjwa ni msiba. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme shule ina wanafunzi 1,000, na 10 miongoni mwao wana bipola. Kompyuta yenye uwezo ule itawatambua 7 hivi katika wale 10, na itawaacha 3 waende zao wakiwa wagonjwa, huku wameambiwa kwamba ni wazima. Katika wale 990 wasio na maradhi, itawaita wagonjwa watu 347 hivi. Basi katika kila watu 50 itakaowanyoshea kidole, mgonjwa wa kweli ni mmoja. Mahakama yenye hukumu za namna hii ingefungwa siku ile ile iliyofunguliwa.

Tena pana tatizo la dawa. Wengi katika wagonjwa waliopigwa picha walikuwa wakitumia dawa, na uchunguzi wa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba gamba la ubongo la wagonjwa waliotumia lithiamu, dawa kuu ya maradhi haya, lilikuwa nene kuliko la wale wasioitumia. Basi tukiutazama ubongo wa mgonjwa aliyetibiwa, twaona alama ya ugonjwa, au alama ya tiba, au zote mbili zilizochanganyika kama maziwa na maji. Picha peke yake haijibu.

Hata hivyo, hoja kubwa kuliko zote ni hoja ya wakati. Bahari ya mwambao wetu hujaa na kupwa kila siku. Mgeni akifika Mombasa maji yakiwa yamekupwa, akapiga picha moja, kisha akarudi kwao akatangaza kwamba bahari ya Mombasa ni chache, hakusema uongo juu ya alichokiona. Lakini hakuijua bahari. Kutotulia kwa moyo ni kujaa na kupwa. Ni habari ya siku na wiki na miezi. Mtu hulala ndani ya mashine kwa muda wa saa moja hivi, na saa hiyo haiwezi kusimulia mwaka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walilitambua jambo hili. Katika uchunguzi walioutangaza mwaka wa 2016 waliwafuata watu 130, wengine wakiwa na bipola, wengine wakiwa na maradhi mengine ya kutotulia kwa hisia, na wengine wakiwa wazima wa afya. Kila siku kila mmoja alieleza katika simu yake alivyojiona: ana wasiwasi kiasi gani, furaha kiasi gani, huzuni, hasira, wepesi wa kuudhika, na nguvu. Kwa maswali hayo machache, yaliyoulizwa kila siku na kujibiwa kwa ukweli, mawimbi ya moyo yalichorwa. Naona fahari kubwa katika jambo hilo dogo: aliyeaminiwa kuwa shahidi wa moyo ni mwenye moyo mwenyewe.

Sasa nawageukia watu wema, wale waaminio kwamba picha itaondoa aibu. Nia yao naiheshimu. Matumaini yao siyasadiki. Tazameni kifafa. Mwaka wa 1929 Mjerumani Hans Berger alitangaza kwamba ameweza kuandika mawimbi ya umeme wa ubongo wa binadamu. Mwaka wa 1935, huko Boston, wataalamu waliandika mawimbi ya ubongo wa wenye kifafa wakati wa kushikwa kwao, na alama ya maradhi ikaonekana waziwazi juu ya karatasi. Ushahidi gani zaidi ulitakiwa? Miaka 90 imepita. Je, watoto wenye kifafa wameacha kufichwa ndani? Je, watu wote wameacha kusema kwamba ni pepo, au kwamba povu la mgonjwa laambukiza? Karatasi ya Boston haikuwatoa watoto wale vyumbani. Na uchunguzi mwingi uliokusanywa pamoja mwaka wa 2013 ulionyesha jambo la kusikitisha: watu waelezwapo kwamba maradhi ya akili yatokana na mwili na urithi, humlaumu mgonjwa kidogo zaidi kuliko kwanza, lakini pia hukata tamaa zaidi juu ya kupona kwake. Kumbe mtu aweza kuacha kukulaumu na bado akakuona kuwa kitu kibovu kisichotengenezeka.

Zaidi ya hayo, fikirini hatari iliyofichika. Tukiwafundisha watu kwamba mgonjwa aaminiwe kwa sababu picha yake ina alama, basi mgonjwa ambaye picha yake haina alama tutamfanya nini? Naye ndiye mgonjwa wa kawaida, maana tofauti zenyewe ni za wastani, na picha ya mmoja mmoja mara nyingi haimwonyeshi daktari kasoro yoyote. Huyo atatoka katika chumba cha mashine na cheti cha uzima mkononi na mauti moyoni. Ndugu zake watamwambia, "Umeona? Huna kitu. Jikaze." Wale waliotaka kumtetea kwa picha watakuwa wamempa adui yake silaha.

Mpinzani wangu atauliza, "Bila ya picha, tutamjuaje mgonjwa?" Tutamjua kama ajulikanavyo tangu zamani na hata leo katika hospitali bora za ulimwengu: kwa kumsikiliza. Katikati ya karne ya 19, tabibu Mfaransa Jean-Pierre Falret aliwaangalia wagonjwa kwa muda mrefu akaona msisimko na huzuni vikifuatana kwa duara. Hakuwa na sumaku wala kompyuta. Daktari wa leo huuliza msisimko ulidumu siku ngapi, usingizi ulikuwaje, fedha zilitumikaje, nani katika ukoo alipatwa na hali kama hiyo. Na huwauliza pia waishio na mgonjwa. Picha yaweza kuhitajiwa pale daktari anaposhuku uvimbe, damu iliyovuja, au jeraha la kichwa, na hapo sina neno la kuipinga. Lakini hiyo ni kazi ya kutafuta maradhi mengine, si kazi ya kuthibitisha bipola.

Hata dawa haikuingoja picha. Mwaka wa 1949 daktari John Cade wa Australia aliandika habari za wagonjwa 10 wa mania aliowapa chumvi ya lithiamu, wengi wao wakatulia kwa namna ya kustaajabisha. Hiyo ilikuwa miaka 22 kabla ya mgonjwa yule wa London kuingizwa katika mashine. Lakini lithiamu ina ukali: kipimo kifaacho na kipimo kidhuru vimekaribiana, na mmoja wa wagonjwa wale wa Cade alikufa mwaka wa 1950 kwa sumu ya dawa ile ile. Kwa hiyo leo mtumiaji wa lithiamu hupimwa damu mara kwa mara, na figo zake na tezi ya shingo huangaliwa. Haya ndiyo yampasayo mgonjwa wa Kenya: dawa isiyokatika, kipimo cha damu kilicho karibu, na mtu aliyefunzwa kusikiliza. Familia iuzayo mbuzi wake ili ilipie picha ya kuthibitisha bipola, kisha ikakosa nauli ya kwenda kliniki, imenunua kivuli ikaacha mti.

Basi picha tuitupe? Hasha. Tuirudishe mahali pake. Itumike kuuliza kwa nini lithiamu humfaa huyu na haimfai yule. Ipigwe zaidi ya mara moja, mtu akiwa katika kujaa na katika kupwa. Iwekwe bega kwa bega na maneno ya mgonjwa mwenyewe. Nyingi katika picha zilizokusanywa ni za watu wa Ulaya na Amerika. Zikusanywe na za watu wetu pia, tena na watafiti wetu. Yawezekana miongoni mwenu msomao ukurasa huu yumo atakayeifanya kazi hiyo, na maarifa yatakayopatikana yatawafaa wajukuu wa wagonjwa wa leo. Lakini mgonjwa wa leo aishi leo, na hawezi kuambiwa angoje.

Vijana wenzangu katika safari ya elimu, mwenye njaa hatumpigi picha ya tumbo kabla ya kumpa chakula, wala aliyefiwa hatumdai cheti cha machozi. Mwenzako akikesha siku nyingi bila ya kuchoka, akinena mambo makubwa yasiyo na kiasi, au akizama katika huzuni isiyoondoka, usimwite kigeugeu. Kaa naye, msikilize, mwambie mwalimu au mzazi, na mfikishwe hospitali. Akitaja kifo, usimwache peke yake hata kidogo. Akipewa dawa, usimcheke wala usimshawishi aziache. Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake; na aliyekilalia akikwambia anaumwa, msadiki.